Subira Inalipwa na Nani?

Ukitoka mjini Meru kwa barabara ya Maua, kabla hujafika Kianjai unapita Nchiru. Hapo ndipo yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Ameru, na hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, juu ya ardhi iliyotolewa na wazee hao. Kilianza kama chuo cha ufundi, kikawa chuo kishiriki cha JKUAT mwaka 2008, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili Machi 2013. Miongoni mwa wanaofuzu hapo kila mwaka ni vijana wa kompyuta, na wengi wao wamekwisha kusikia, kwenye warsha na kwenye hotuba za mahafali, wasia uleule: anzisha kampuni yako, usikate tamaa, mvumilivu hula mbivu.

Methali haina kosa. Kosa ni kuitumia kufunga mjadala. Kampuni za teknolojia za Kenya sasa zina historia ya miaka 30 hivi, na ukiisoma kwa makini unakuta waliovuka na waliozama walikuwa na moyo karibu ule ule. Walitofautiana katika mambo ambayo wasia wa mahafali hauyagusi: walishikilia nini na wakaachia nini, nani aliyewalipia mshahara walipokuwa wakingoja, na nani ndani ya kampuni aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia mkubwa kwamba amepotea njia.

M-Pesa inajulikana na kila mtu, lakini mwanzo wake umesahaulika. Haikubuniwa kwa ajili ya kumtumia mama pesa kijijini. Nick Hughes wa Vodafone alipata karibu pauni milioni moja kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza, Vodafone nayo ikaweka fungu lake, ili ujengwe mfumo wa kulipia mikopo midogo kwa simu. Susie Lonie akaja Nairobi kuujenga pamoja na Safaricom. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja mia kadhaa wa shirika la mikopo la Faulu.

Kilichotokea kwenye majaribio hayo kinastahili kutazamwa kwa karibu. Watu walilipa mikopo, ndiyo. Ila walianza pia kuutumia mfumo kwa mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Mfanyabiashara aliweka mauzo ya jioni kwa wakala asilale na fedha dukani. Msafiri aliweka pesa Nairobi, akapanda matatu mfuko ukiwa mtupu, akazitoa saa chache baadaye alikofika. Wengine walinunua salio la simu na kuwatumia jamaa walio mbali. Wengine walilipa deni la mwenzao wa kikundi aliyekwama, kisha wakadaiana wenyewe kwa wenyewe. Upande wa Faulu nao ulikuwa na maumivu yake. Vikundi vya mikopo huishi kwa mkutano wa kila wiki, na mtu aliyekwisha kulipa kwa simu haoni sababu ya kuja kikao. Isitoshe, hesabu za mfumo mpya hazikuoana na vitabu vya shirika, kwa hiyo makarani walikesha wakizilinganisha kwa mkono.

Hapo kiongozi mwenye ung'ang'anizi wa kawaida angesema: tumepewa fedha za mradi wa mikopo, tumeahidi mikopo, tukaze uzi. Wao waliiacha mikopo. Walipouzindua mfumo nchi nzima Machi 2007, walibakiza kitu kimoja tu ambacho wateja walikuwa wamekichagua wenyewe: kutuma pesa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Kabla ya mwaka kwisha waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni. Mikopo ilirudi Novemba 2012 kupitia M-Shwari, wakati ambapo njia ya kuipitishia ilikuwa imekwisha kukomaa.

Desemba 2008, benki zikinung'unika, kaimu waziri wa fedha John Michuki aliagiza mfumo ukaguliwe. Watu husimulia kisa hiki kana kwamba Safaricom ilipona kwa ujasiri. Ilipona kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa imekwenda kubisha hodi Benki Kuu, na kwa sababu fedha za wateja zilikaa kwenye akaunti ya amana ya benki, nje ya mikono ya kampuni. Ukaguzi ulipokuja ulikuta nyumba imefagiliwa. Uvumilivu wa namna hiyo hauna hadithi tamu ya kusimulia jukwaani. Ni kazi ya wanasheria na wahasibu.

Cellulant ni mfano wa pili, na kwangu ni wa karibu zaidi na hali ya kijana wa Nchiru kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na Vodafone. Ken Njoroge wa Kenya na Bolaji Akinboro wa Nigeria waliianzisha miaka 20 hivi iliyopita wakiuza milio ya simu na muziki. Leo nani analipia mlio wa simu? Biashara hiyo ilikufa dunia nzima. Lakini kuuza mlio kulikuwa kumewafundisha jambo gumu, yaani kukata fedha kidogo kwenye simu ya mtu, kwa idhini yake, na kuifikisha panapostahili bila kupotea, katika nchi zenye mitandao tofauti na benki tofauti. Wakahamia huduma za benki kwa simu, kisha malipo. Mwaka 2018 mfuko wa Rise wa kampuni ya TPG uliongoza uwekezaji wa dola milioni 47.5 ndani yake. Magazeti yaliiandika kama habari ya siku moja, ilhali ilikuwa na umri wa zaidi ya mwongo mzima.

Upande wa pili wa Mlima Kenya kuna Mawingu, kampuni ya intaneti ya vijijini iliyotokana na majaribio ya Nanyuki mwaka 2013, Microsoft ikiwa mshiriki. Majaribio yalijengwa juu ya masafa ya televisheni yaliyokuwa hayatumiki, na wakati huo teknolojia hiyo ilisifiwa makongamanoni kama dawa ya vijiji vyote vya Afrika. Haikuwa. Kampuni ikaegemea redio za kawaida za kurusha intaneti kutoka mnara hadi mnara, ikaendelea kuwahudumia watu wale wale wa miji midogo. Mwaka 2024 ilitangaza mtaji wa dola milioni 15 na kuinunua Habari, kampuni ya intaneti ya kaskazini mwa Tanzania. Tatu hizi zote zilimshikilia mteja na tatizo lake, zikaachia kifaa. Waliozama, mara nyingi, walifanya kinyume.

Sasa suala la mshahara wa kungojea, ambalo naliona kubwa kuliko yote na halizungumzwi kwa sababu linatia aibu.

Mwaka 1994 Wakenya watatu waliokuwa wamesoma Boston, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online. Walikuwa na akili, walikuwa na wazo sahihi, na walikuwa mbele ya wakati kwa miaka 15: nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilipitia setilaiti kwa bei ya kukata pumzi. Mwaka mmoja tu baada ya kuanza, kampuni ilinunuliwa na Prodigy ya Marekani, ikapita mikononi mwa wenye mali kadhaa, hadi Telkom ya Afrika Kusini ilipoichukua mwaka 2007. Waanzilishi hawakukosa subira. Kungojea nyaya kulihitaji mfuko mrefu kuliko wao, na mwenye mfuko ndiye huamua kampuni inakwenda wapi.

Mfuko huo una mlango mwembamba. Uchambuzi wa Viktoria Ventures, ulionukuliwa sana mwaka 2020, ulisema kwamba kati ya kampuni changa zilizopata zaidi ya dola milioni moja nchini Kenya mwaka uliotangulia, asilimia 6 tu ndizo zilizoongozwa na wenyeji. Unaweza kubishana kuhusu nani ahesabiwe mwenyeji. Mwelekeo wenyewe hauna ubishi. Mgeni aliyetoka chuo chenye jina, mwenye wazazi wasiomtegemea, anaweza kukaa miaka mitatu bila mapato na akaitwa mvumilivu. Kijana wa Tigania aliyesomeshwa kwa miraa hana miaka mitatu. Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa na soko lile likafungwa. Machi 2020 Somalia ilizuia ndege za miraa, na zikaruhusiwa tena Julai 2022. Katika vipindi hivyo viwili, mzazi aliyekuwa akituma pesa ya matumizi chuoni ndiye aliyekuwa akipiga simu kuuliza kama mwanawe amepata chochote. Mwambie kijana huyo asikate tamaa, atakujibu kwa heshima kwamba tamaa anayo. Ada ya mdogo wake ndiyo hana.

Kwa hiyo mimi nasoma kwa makini zaidi habari za waliouza tangu siku ya kwanza. Kamal Budhabhatti, kijana aliyekuja Nairobi kutoka India kuajiriwa, alitengeneza programu ya benki pembeni ya kazi yake, akafukuzwa nchini kwa sababu hiyo, akarudi. Hadithi ya kufukuzwa na kurudi ndiyo inayopendwa. Kinachopitwa haraka ni kwamba alikuwa na kitu ambacho benki ilikuwa tayari kukilipia hata kabla hajaondolewa, na kwamba kampuni yake, Craft Silicon, iliendelea kuuzia benki programu kwa miaka mingi kabla haijajaribu mambo ya kupendeza macho kama teksi za Little, zilizoanza mwaka 2016 pamoja na Safaricom. Ankara ya mteja ndiyo iliyogharamia kungojea kwake.

Fedha nyingi nazo zina hatari yake. Kune ilikusanya dola milioni moja kabla haijakomaa, ikaahidi chakula cha bei nafuu Nairobi, jiji lililojaa vibanda vya chakula cha bei nafuu, ikafunga Juni 2022. Sendy, iliyoanza na bodaboda za kupeleka vifurushi, ikaingia malori, ikaingia usambazaji wa bidhaa madukani, ikafunga mwaka 2023. Copia, iliyowafikia watu wa vijijini kupitia mawakala wenye maduka, ilipata mtaji wa dola milioni 50 mwaka 2022, ikaondoka Uganda mwaka 2023, na Mei 2024 ikakabidhiwa kwa wasimamizi wa ufilisi. Twiga, iliyoanza mwaka 2014 kwa kuuza ndizi, ndizi za wakulima kama hawa wetu wa Mitunguu, kwa mama mboga wa Nairobi, ilipata dola milioni 50 mwaka 2021, ikapunguza wafanyakazi kwa mamia mwaka 2023, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, Peter Njonjo, akaondoka kwenye usukani.

Hakuna mvivu katika orodha hiyo. Kupeleka bidhaa za bei ndogo kwa mteja mmoja mmoja kwenye barabara zetu kunakula faida yote, na mtaji wa nje uliwawezesha kuendelea kufanya hivyo muda mrefu kuliko ambavyo hesabu ingewaruhusu. Riba zilipopanda duniani mwaka 2022 wawekezaji wakafunga mikoba, na kilichoitwa uvumilivu kikaonekana kuwa mkopo. Muuza duka wa Nchiru asiye na mwekezaji angegundua jambo hilo ndani ya mwezi mmoja, kwa kuwa droo ingemwambia.

Nani basi amwambie mkubwa, kama droo imejaa fedha za watu?

Hapa nawarudia wazee. Aprili 1956 Njuri Ncheke, kwa kauli moja na kwa baraka za serikali ya kikoloni, ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana wilayani Meru. Kwa macho ya leo lengo lilikuwa jema. Mila ile ilidhuru na bado inadhuru. Lakini amri ilitolewa na wanaume watu wazima juu ya jambo la wasichana na wanawake, bila kuwaita barazani. Jibu lilikuja upesi: wasichana walianza kujikata wenyewe, wakaitwa Ngaitana, na katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kukiuka amri hiyo. Baraza lenye heshima ya karne, lenye kiapo, lenye serikali nyuma yake, lilishindwa na wasichana wadogo wenye wembe. Sijui mfano mkali kuliko huu wa uongozi unaoamua sawasawa na kutekeleza vibaya, na umetokea hapahapa kwetu.

Kampuni za teknolojia hurudia kosa hilo kila mwaka, kwa madhara madogo zaidi. Wahandisi hukaa Nairobi, Kilimani au Westlands, wakaamua mkulima wa Kibirichia atauza viazi namna gani, kisha wanashangaa programu inapakuliwa mara moja na kufutwa. Safaricom yenyewe ilishinda mapema kwa kufanya kinyume: ilipoingia sokoni mwaka 2000 chini ya Michael Joseph ilitoza kwa sekunde, wakati mshindani wake KenCell akitoza kwa dakika. Aliyekuwa na shilingi chache na neno moja la kusema alijua mara moja laini ipi ni yake. Joseph huyohuyo baadaye alikuja kuwakera Wakenya aliposema wana tabia za ajabu za kupiga simu. Angalau alikuwa ameziangalia tabia zenyewe.

Sauti ya chini ndani ya ofisi ina uzito uleule. Ushahidi, kampuni ya kuweka taarifa za wananchi kwenye ramani, iliyozaliwa Januari 2008 nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, ni fahari ya teknolojia ya Kenya. Ramani zake zimetumika Haiti na kwingineko. Ory Okolloh na wenzake waliianzisha kwa siku chache, na yeye aliondoka mapema akawaachia wengine, jambo ambalo waanzilishi wengi hawaliwezi. Hata hivyo mwaka 2017 mkurugenzi wa wakati huo alifutwa kazi kufuatia malalamiko ya unyanyasaji wa kingono, na bodi ikasutwa hadharani kwa kujikokota. Kampuni iliyojengwa ili watu wa kawaida watoe taarifa ilikuwa na njia nyembamba ya mfanyakazi wake kutoa taarifa. Kijana anayeajiri mtu wake wa kwanza leo aamue leo malalamiko yatapelekwa kwa nani kama mlalamikiwa ni yeye.

Na hapa nyumbani, je, kuna kazi ya kufanya? Iko kwenye mizani. Kwa miaka mingi ugomvi mkubwa wa mkulima wa majani chai katika vituo vya kununulia ulikuwa kilo: karani anapima, anakata uzito wa gunia, anakadiria kuelekea chini, anaandika kwa kalamu. Mizani ya kielektroniki yenye kutoa risiti papo hapo ilipunguza ugomvi huo, na Virtual City ya John Waibochi ni moja ya kampuni za Kenya zilizojijengea jina kwenye kazi za namna hiyo, ikapata pia tuzo ya dola milioni moja ya Nokia mwaka 2010. Mkulima hakuhitaji kujifunza kitu: alipeleka chai yake vilevile, akarudi na karatasi yenye namba. Kahawa, maziwa, ndizi na viazi vya kaunti hii vina ugomvi wa aina hiyo hadi leo, na mwanafunzi wa Nchiru anayekula kwa shangazi mwenye shamba anaujua kuliko mshauri yeyote wa kigeni.

Anachokosa ni mnunuzi anayelipa kwa wakati. Meru ina vyama vya ushirika vya kahawa na maziwa, ina viwanda vya chai kutoka Imenti hadi Michimikuru, ina Sacco zenye wanachama maelfu na akiba ya kweli. Nyingi hununua programu zao Nairobi. Serikali za kaunti nazo zimejaa madeni ya wazabuni yasiyolipwa, na zabuni ya kaunti isiyolipwa inaweza kuua kampuni changa hata kabla ya ushindani. Mashindano ya ubunifu na hundi kubwa za karatasi za kupigia picha yapo ya kutosha.

Ombi langu, kwa hiyo, haliwaendei vijana. Linawaendea wenyeviti wa Sacco na vyama vya ushirika, na maofisa wa kaunti wanaotia sahihi: wapeni wahitimu wa Nchiru kazi ndogo yenye mkataba, waambieni bila huruma inapokuwa mbovu, na ikiwa nzuri lipeni ankara yao ndani ya siku 30.